Miti Midogo ya Barazani

Leo nataka kuwaambia habari ya miti ya maembe. Wengi wamepanda kokwa nyuma ya nyumba. Ikaota vizuri, kisha mbuzi akaila, ama moto wa kiangazi ukaiunguza. Basi mti mdogo ukae kwanza barazani, ndani ya mkebe.

Tafuta mkebe mrefu wa mafuta ya kula. Mkebe wa dawa za mgodi usiutumie, hata ukiuosha mara kumi. Toboa matundu chini, maji yapate kutoka.

Udongo uchukue kwenye kichuguu, uchanganye na samadi ya zamani. Usiuchukue karibu na tanuru la shaba, wala pale maji ya mgodi yanapopita. Kwa macho hauoni neno, lakini shaba imo, nayo inaharibu mizizi. Kando ya tanuru la Lubumbashi, lililowashwa mwaka 1911, miti mingi ilikufa, na udongo ukabaki mtupu.

Kokwa ipandwe mbichi, isikauke. Mkebe uweke juu ya mawe. Mwagia maji, lakini yakizidi mizizi itaoza.

Mvua zikishika vema, hamisha mti shambani. Pasua mkebe, usivute mti. Tazama mzizi mkubwa: kama umejizungusha chini kama nyoka, kata kipande kile. Watu wanaogopa kukata. Lakini usipokata, mti hautashika ardhi vizuri, na upepo utauangusha. Zungushia miiba siku ileile, kabla mbuzi hawajafika.