Kando ya Umati

Ifikapo 2 Aprili, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kwa ajili ya wenye usonji, wako wanaofanya matembezi ya hisani. Fedha hizo zina kazi. Katika mkoa wetu wa Tanga, huko Irente, Lushoto, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilifungua mwaka 2005 shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Mtoto wa namna hiyo aweza kuhitaji mwalimu wa karibu hata kujifunza kufunga kifungo.

Lakini matembezi yetu hupenda tarumbeta na vipaza sauti. Wengi wenye usonji huumizwa na kelele. Mtoto huziba masikio, hulia, na watazamaji husema hana adabu, au (Mungu atusamehe) amerogwa. Mama humrudisha nyumbani. Je, tumetembea kwa ajili ya nani?

Marko, sura ya 7, asimulia kwamba Yesu alipoletewa kiziwi mwenye utasi, hakumponya mbele ya umati. Kwanza alimtoa kando. Nawasihi wenye kuandaa matembezi: tarumbeta zitangulie mbali, na nyuma lifuate kundi liendalo kimya, kwa mwendo wa mtoto. Nafasi ya mama yule na mwanawe iwe hapo.