Kumfukuza Si Kumponya



Injili ya Dominika hii inatusimulia habari za Msamaria Mwema. Tumeisikia tangu utotoni, na kwa kuwa tumeizoea, ni rahisi kulipita jambo moja dogo lililomo: Msamaria alipomwinamia yule majeruhi, alimimina mafuta na divai juu ya majeraha yake. Divai ile ile ambayo wengine huinywa hadi kupoteza akili, mikononi mwa mtu mwenye huruma iligeuka dawa. Leo, basi, hatuji kukilaani kilevi kama kitu. Twauliza swali jingine: kilevi kinapomwangusha mtoto njiani, ni nani asimamaye?

Tunasema mtoto, wala hatutii chumvi. Tunawasema wale wenye umri wa miaka 12, 13 au 14, ambao sauti zao ndiyo kwanza zinabadilika. Wengi wa hao hawakuanzia kilabuni. Mmoja alitumwa kununua chibuku, akaonja njiani. Mwingine alimsaidia mama kukoroga mbege au komoni, akapewa kidogo aone kama imekolea. Mwingine alikusanya glasi baada ya sherehe ya Komunyo ya Kwanza ya mdogo wake, akamalizia mabaki, na wakubwa wakacheka.

Serikali imefanya sehemu yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia pombe mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18. Tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya mifuko ya plastiki iliyouzwa kwa bei ndogo na kufichika hata katika mfuko wa kaptula ya shule. Sheria ni ukuta, na ukuta ni kitu chema. Lakini ukuta haumwulizi mtoto kwa nini ameuruka.

Yafaa tujue pia kwamba hatari haimalizikii katika kichefuchefu cha asubuhi. Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi akaribie miaka 25. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba, kati ya walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15, takriban 40 katika kila 100 walipata kuwa watumwa wa pombe katika maisha yao. Kati ya walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa takriban 10 katika kila 100. Kila mwaka mtoto anaokaa mbali na chupa ni akiba yake.

Sasa, mwanafunzi akionekana darasani ananuka pombe, afanyiwe nini? Mara nyingi huchapwa viboko, kisha huandikiwa barua ya kurudi nyumbani. Shule husafishika, lakini mtoto hurudi kule kule alikoipata pombe, na safari hii hana daftari mkononi.

Historia inatupa funzo hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa New York, madaktari waliwakagua wanafunzi na kuwarudisha nyumbani wenye macho mabovu, chawa na mba. Hakuna aliyewatibu. Mwaka 1902 muuguzi mmoja, Lina Rogers, alipewa shule nne za kuzihudumia. Aliwatibu watoto pale pale shuleni, kisha akawafuata majumbani mwao na kuzungumza na mama zao. Katika muda wa mwaka mmoja, idadi ya watoto waliofukuzwa kwa sababu ya maradhi ilipungua kwa takriban asilimia 90. Siri ya kazi yake ilikuwa kwamba alisimama.

Ndivyo afanyavyo muuguzi wa shule hata katika jambo la pombe. Haanzi kwa kumtuhumu mtoto. Humwuliza kwanza habari za rafiki zake: je, wapo wanaokunywa? Mtoto husema ya wenzake kwa wepesi kuliko yake mwenyewe. Kisha humwuliza yeye kwa upole, mlango ukiwa umefungwa. Humwahidi kutunza siri, isipokuwa uhai wake ukiwa hatarini au pakiwa na mtu anayemdhulumu. Humweleza ukweli bila kumtisha, hukubaliana naye hatua moja ndogo, na humpangia siku ya kurudi. Maana hata Msamaria hakutosheka na kufunga majeraha: alimfikisha yule mtu katika nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kupita tena.

Tunajua kwamba shule zetu nyingi hazina muuguzi wao. Zipo zinazomtegemea mhudumu wa zahanati ya kijiji, apitaye mara chache. Lakini kusimama hakuhitaji joho jeupe. Matroni wa bweni, mwalimu mlezi, katekista wa kipaimara: kila mmoja wao aweza kuuliza, kusikiliza, na kumpeleka mtoto zahanati jambo likizidi uwezo wake.

Tusilikwepe lililo gumu. Yupo mama ambaye karo na sare za mwanawe zimetoka katika pipa la pombe. Tukimhukumu toka mbali, tunampita kama kuhani na Mlawi walivyopita. Tumwendee katika jumuiya yetu ndogo ndogo. Tumwombe kwanza jambo lililo katika uwezo wake leo: mtoto asionje, asiuze, asitumwe. Kisha tuone pamoja naye njia nyingine ya kupata riziki, tena tuitie mkono.

Katika sherehe zetu za ubatizo na za kipaimara, meza ya watoto iwe ya watoto kweli. Nanyi makatekista, mwanafunzi akikosa mafundisho Jumamosi tatu mfululizo, msikate jina lake daftarini kabla ya kwenda kugonga mlango wao. Wazazi, mwalimu akiwaita kwa habari hii, nendeni, nanyi mwombeni mtoto asirudishwe nyumbani kabla hajapata mtu wa kumtibu.

Mtoto aliyeanguka akiwa na miaka 13 bado ana njia ndefu mbele yake. Ee Mungu Baba, uwajalie watoto wetu watu wasiowapita, na utufanye sisi kuwa miongoni mwa watu hao.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.