KAZI ZA MIKONO SKULINI NA FIKRA ZA MWANAFUNZI WA DARASA LA TANO

(Mazungumzo kwa wazee, walimu na wanafunzi)



Mazungumzo haya yanawahusu wazee wenye watoto katika madarasa ya katikati ya skuli za msingi, walimu wanaowasomesha, na watoto wenyewe. Yanahusu kazi za mikono na za ubunifu ambazo mwanafunzi hupewa skulini: kufinyanga udongo, kusuka ukili, kupanda mbegu ndani ya kopo, kutengeneza kipimo cha mvua kwa chupa tupu, au kuunda chujio la maji. Jambo linalosisitizwa ni moja. Kazi kama hizo hupata thamani yake kutokana na maelezo ya mtoto mwenyewe: alikusudia nini, alifanya nini, kipi kilikataa, na amejua nini ambacho hakukijua kabla. Maelezo hayo yakikosekana, kazi iliyowekwa juu ya meza ya mwalimu huwa ni pambo tu, hata ikipendeza namna gani.

Fikra hii si ngeni katika nchi yetu. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari, 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka ule ulitaka kila skuli iwe na shamba au karakana. Wengi wanaikumbuka sehemu hiyo. Sehemu inayosahauliwa ni ile iliyotaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi na kutoa maamuzi, ili wayaone wenyewe matokeo ya yale waliyoyaamua. Katika skuli nyingi shamba lilibaki, lakini maamuzi hayakuwafikia watoto. Walilima, wakapalilia, wakavuna, na somo la hesabu likaendelea darasani kana kwamba shamba halipo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilirudia haja ya kuunganisha masomo na kazi. Mitaala iliyoanza kutumika Tanzania Bara mwezi Januari 2024 nayo inasisitiza umahiri, yaani uwezo wa mwanafunzi kukitenda kile alichojifunza. Elimu ya msingi si jambo la Muungano, na kila upande una wizara yake na mitaala yake. Hata hivyo suala lililo mbele ya mwalimu wa Bara na wa Visiwani ni lile lile: mkono wa mtoto unapofanya kazi, akili yake inafanya nini?

Kwa kuwa fikra hizi zilipata nguvu kutoka Arusha, mfano wa mazungumzo haya umechukuliwa huko huko. Njiro ni sehemu ya mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Huko ndiko viliko viwanja vya Themi, ambapo wakulima na wafugaji wa Kanda ya Kaskazini hufanya maonyesho ya Nane Nane. Mjini Arusha pia ndiko yaliko makao ya CAMARTEC, kituo kinachoshughulikia zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, na ya TEMDO, shirika linalosanifu mitambo. Mtoto wa Njiro, basi, anaweza kuyaona matunda ya ufundi bila ya kwenda mbali. Lakini somo kubwa zaidi kwake limo ndani ya kikombe cha maji anachokunywa.

Mlima Meru ni volkano. Maji yanayopita katika miamba yake huyayusha madini yaitwayo floraidi, na kwa sababu hiyo chemchemi na visima vingi vya eneo lile vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi sana kiwango hicho wakati meno yake ya utu uzima yanaumbwa ndani ya ufizi, hasa kabla ya kutimiza miaka 8, hupata madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Floraidi ikizidi mno kwa muda mrefu, hudhuru mifupa pia. Haina rangi, haina harufu, na mnywaji hawezi kuitambua kwa ulimi.

Achukuliwe, kwa mfano, mwanafunzi wa Darasa la Tano huko Njiro aliyeambiwa na mwalimu wake atengeneze chujio la maji. Anatafuta chupa kubwa ya plastiki na kuikata kitako. Anaigeuza mdomo chini, anaweka kitambaa safi mdomoni, kisha mkaa uliopondwa, kisha mchanga, na juu kabisa changarawe. Anamimina maji ya tope. Maji yanayotoka chini ni meusi kuliko yaliyoingia juu.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Mtoto aliyeachiwa nafasi atauliza weusi umetoka wapi. Tope halikuwa jeusi, hivyo weusi umetokana na kitu kilichomo ndani ya chupa. Atautoa mkaa na kuuosha, atauosha mchanga pia, na atajaribu tena. Mara ya pili maji yatakuwa ya kijivu, na mara ya tatu yatakaribia kuwa maangavu. Katika daftari lake ataandika kwamba alikosea kwa kutoosha mkaa. Sentensi hiyo moja, iliyoandikwa kwa mkono wa mtoto, ina elimu zaidi kuliko ukurasa mzima alionakili kutoka ubaoni.

Mwalimu hodari hataishia hapo. Atamuuliza kama maji yale sasa yanafaa kunywewa, na mtoto atajibu kwamba yanafaa, kwa kuwa ni maangavu. Mwalimu hatamkaripia. Atatia kijiko cha chumvi katika maji safi, atayakoroga mpaka chumvi isionekane, na kumtaka mtoto ayapitishe katika chujio lake. Ili apate kuyaonja kwa usalama, maji yatakuwa yamechemshwa na kupozwa, na chujio litakuwa jipya, lililoundwa kwa vitu vilivyooshwa na kuchemshwa. Mtoto ataonja tone moja. Chumvi bado ipo.

Kwa tone hilo mtoto amejua jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: kwamba kitu kilichoyeyuka hakizuiliwi na mchanga, na kwamba maji maangavu si lazima yawe maji salama. Chumvi ameitambua kwa ulimi. Floraidi hataitambua. Iwapo ana mdogo wake wa miaka minne au mitano nyumbani, ambaye meno yake bado yanaumbwa, atalitazama tungi la maji kwa jicho jengine. Wala kuchemsha hakutamsaidia katika hilo. Kuchemsha huua vijidudu, na ni lazima kufanywe, lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huzidi ukali.

Swali linalofuata ni la kawaida kwa mtoto yeyote: je, hapana njia? Njia ipo, na imetafutwa na watu wa eneo lile lile. Huko Ngurdoto, chini ya Mlima Meru, kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi katika maji, ambacho kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo ni mbali na ule wa kuni, kwa kuwa madini yaliyomo ndani ya mfupa huinasa floraidi. Naye Dk. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha, alibuni chujio linaloanza na mchanga, kama lile la mtoto, kisha likaongezewa chembechembe ndogo mno zinazoteuliwa kulingana na uchafu wa mahali husika, ikiwemo floraidi. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, na ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Mwanafunzi aliyekwama na chupa yake ya mchanga ataisoma habari hiyo kwa uelewa, kwa sababu anajua mwenyewe mchanga unaishia wapi.

Sasa na aangaliwe mtoto wa pili, wa darasa lile lile, ambaye mzee wake alimpelekea fundi kazi ile. Fundi alitengeneza chujio la vioo, akalipaka rangi na kuliandikia majina ya sehemu zake. Darasa zima lililisifu, na alama alizopata zilikuwa za juu. Alipoulizwa kwa nini mkaa huoshwa, hakujua. Hakuwahi kuyaona maji meusi. Mzee wake hakuwa na nia mbaya, alitaka mwanawe asiaibike. Lakini fedha zake zilinunua alama, na lile kosa lililokuwa na faida mtoto hakulipata.

Huku Visiwani mambo hayo hayo yana sura zake. Katika vijiji vya pwani vipo visima ambavyo maji yake yana chumvi. Mtoto wa Unguja au Pemba anaweza kulifanya jaribio lile lile, na akaongeza la pili: aweke maji ya bahari katika sahani juani na aone kinachobaki yakishakauka. Mtoto anayesuka ukili huhesabu miyaa yake kila mara, na akikosea mmoja mstari mzima huharibika. Akitakiwa kueleza kosa lilianzia wapi, amefanya hesabu. Mtoto anayerusha tiara na kuiona inapinduka, kisha akaiongezea mkia, amefanya sayansi. Kinachopungua ni mtu mzima wa kumwuliza kwa nini mkia umesaidia, na kuwa na subira ya kusikiliza jibu.

Wapo watakaosema kwamba madarasa yamejaa, muda ni mfupi, vifaa ni ghali na mitihani haipimi mambo hayo. Hoja hizo ni za kweli na hazifai kudharauliwa. Hata hivyo vifaa vilivyotajwa hapa ni chupa iliyotupwa, mchanga, mkaa wa jikoni na kipande cha nguo. Darasa kubwa linaweza kugawanywa vikundi, na kila kikundi kikawa na chujio moja. Maelezo ya mtoto yanaweza kuwa sentensi tano. Ama kuhusu mitihani, mwanafunzi aliyeona kwa macho yake kwamba chumvi iliyoyeyuka hupita katika mchanga hatahitaji kulikariri jambo hilo usiku wa kuamkia mtihani. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Kwa hivyo inashauriwa kama ifuatavyo:

(a) Mzee amwachie mtoto kazi yake aifanye mwenyewe. Msaada wa mzee uwe katika kisu, moto na vioo, ambavyo mtoto hapaswi kuachiwa peke yake.

(b) Kazi zitumie vitu vinavyopatikana nyumbani na mtaani, ili mtoto wa asiyekuwa na uwezo asibaki nyuma kwa sababu ya fedha.

(c) Kila kazi iambatane na maelezo mafupi ya mtoto kwa lugha yake mwenyewe. Asiyeweza kuandika vizuri asikilizwe kwa mdomo.

(d) Mwalimu atoe alama kwa kosa lililoelezwa vyema, kama anavyotoa kwa kazi iliyofaulu. Mtoto akiona kwamba kosa humpunguzia alama, atalificha.

(e) Kazi iunganishwe na somo la siku hiyo, na pia na jambo la mahali mtoto anapoishi, iwe ni maji, udongo, mvua au bahari.

(f) Maji yaliyopita katika chujio la mwanafunzi yasinywewe na mtu yeyote. Chujio hilo ni la kujifunzia tu.

Mwanafunzi wa Darasa la Tano huwa na umri wa miaka kumi na moja hivi. Ameshajua kusoma na kuandika, na bado hajaanza kuona haya kuuliza. Umri huo haurudi. Wazee wanaombwa, mtoto anaporejea kutoka skuli na kitu alichokiunda, wasianze kwa kuuliza amepata alama ngapi. Wamwulize kipi kilikataa, na alifanya nini baada ya hapo. Kisha wakae wamsikilize mpaka amalize.