Je, Maandishi Huharibu Sinema za Kigeni?



Swali tuliloletewa jioni hii ni hili: je, sinema ya lugha ya kigeni huharibika ikitiwa maandishi ya tafsiri chini ya picha? Wako wasemao ya kwamba jicho haliwezi kutumikia mabwana wawili, na mwenye kusoma hatazami. Neno lao lina uzito. Kwa desturi maandishi hayo hayazidi mistari miwili, kila mstari herufi kama 40, nayo hayakai zaidi ya sekunde 6 au 7, kisha hutoweka. Mchezaji akinena upesi, mfasiri hana budi kupunguza.

Chukueni picha ya Kikorea iitwayo Parasite, kazi ya Bong Joon-ho, ambayo mwaka 2020 ilikuwa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupewa tuzo ya Oscar ya picha bora. Ndani yake bibi tajiri apiga simu nyumbani, aagiza apikiwe jjapaguri, yaani tambi za pakiti za aina mbili, za bei rahisi, zilizochanganywa. Naye ataka zitiwe nyama ya ng'ombe ya thamani. Mkorea acheka papo hapo, kwa kuwa aijua bei ya tambi zile. Mfasiri, Darcy Paquet, alibuni neno ram-don, akiunganisha ramen na udon. Chakula kimeeleweka, lakini mzaha umepoa. Mahali pengine baba auliza kama Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul kina somo la kughushi hati, maana binti yake ni fundi wa kazi hiyo. Maandishi ya Kiingereza yakasema Oxford. Hilo hatukulipenda. Baba wa Seoul ana haja gani na Oxford?

Walakini dawa waitakayo wengine, yaani kufuta sauti ya mchezaji na kutia ya mtu mwingine, ni mbaya kuliko ugonjwa. Hivi karibuni tulitazama Anatomie d'une chute, ya Justine Triet, iliyoshinda huko Cannes mwaka 2023. Mwanamke Mjerumani ashtakiwa Ufaransa kwamba amemwua mumewe. Nyumbani walizungumza Kiingereza, kisicho lugha ya mke wala ya mume. Mahakamani aanza kujitetea kwa Kifaransa, maneno yampungukia, hata aomba aseme Kiingereza. Sisi tuliopata kumwona mzee wa shamba akibabaika mbele ya hakimu kwa lugha isiyo yake, twajua uzito wa jambo hilo. Mpeni mwanamke yule na mawakili wake Kiswahili fasaha kimoja, na kesi nzima imekufa. Maandishi yalituachia kusita kwake.

Iko na njia ya tatu. Huko Japani, zamani za sinema bubu, alisimama kando ya pazia msimulizi aitwaye benshi, na wengine wao walivuta watu kwa sifa zao wenyewe. Sinema za sauti za miaka ya 1930 zikaiua kazi hiyo. Kwetu ikazaliwa upya: Lufufu huko Dar es Salaam, na DJ Afro huko Kenya, wakasimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, wakitia na chumvi yao. Wako wasomi wanaowadharau. Sisi hatuwadharau hata kidogo, kwani asiyejua kusoma aliingia, akacheka, akatoka na kisa kamili. Ila sauti ya mchezaji ndiyo iliyofunikwa.

Hapa ndipo panapotuuma. Maandishi tuletewayo mara nyingi ni ya Kiingereza. Karani asoma, mama yake aliyeketi kando amwuliza, "Anasema nini, mwanangu?" Auliza mara tatu, mara nne, kisha anyamaza, aenda zake kulala. Kwake yeye maandishi hayakuharibu sinema, sinema hakuiona.

Basi twaleta shauri. Wanachama wenye kujua kufasiri (na makarani tumefasiri makavu kuliko haya) wachague picha moja fupi, kwa idhini ya mwenyewe, waiandikie Kiswahili mistari miwili miwili, kisha waijaribu mbele ya wazee wasomao Kiswahili tu. Ugomvi utakuwapo. Kwa lile neno jjapaguri, mmoja wetu amekwisha kutoa "makande ya nyama ya sarara", na wawili wamekataa katakata. Bwana Mwenyekiti, tungependa kusikia baraza lasemaje.