Jambo Limvutalo Kijana Kwenye Kazi ya Udaktari

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanachama



Kamati imenipa neno la kusemea: ni jambo gani limvutalo kijana hata ashike kazi ya udaktari? Wengi hujibu upesi kwamba ni mshahara na heshima. Sikatai, maana kila mtu hula jasho lake. Lakini mshahara peke yake haumkeshi kijana miaka sita juu ya vitabu vya mifupa na mishipa. Mimi naona yako mawili yenye nguvu zaidi: huruma kwa mgonjwa amjuaye, na swali lisilomwacha alale. Huruma tunayo wengi. Swali ndilo lililo haba.

Tutazame mambo ya hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 nchi ya Kitui iliingiwa na ugonjwa wa kala-azar. Mgonjwa hushikwa na homa isiyokwisha, hukonda, na bandama huvimba hata tumbo likatokeza. Asipotibiwa, ni nadra apone. Watu walilia, wakazika. Mtaalamu mmoja, R. B. Heisch, alitazama mahali watu walipokaa, akavishuku vichuguu vya mchwa vilivyo karibu na maboma. Ni nani kati yetu asiyekijua kichuguu? Watoto huchezea hapo, na wakubwa hupunga upepo hapo jioni. Kumbe ndani ya mashimo yake hukaa usubi, mdudu mdogo kuliko mbu. Kazi hiyo haikwisha kwa siku moja. Ni mwaka 1962 ndipo yeye na wenzake walipoeleza habari za kumwandama mdudu huyo aenezaye ugonjwa. Sisi tulikuwa tukipita kando ya kichuguu kila siku tukienda mtoni.

Tena mwaka 2004 watu walianza kugeuka manjano macho na kuvimba tumbo, wengi wao wa Makueni na Kitui. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao wakafa. Wachunguzi walikwenda kwa aliyeugua, kisha kwa jirani asiyeugua, wakapima mahindi ya huku na ya huku. Wakaona kuwa mahindi yaliyowekwa na unyevu, hasa ndani ya nyumba za kulala, yalikuwa yameota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini, nayo huharibu ini. Watoto waliokuwa darasa la pili mwaka ule sasa ni watu wazima. Sitashangaa nikisikia kuwa mmoja wao aliingia chuo cha udaktari kwa ajili ya gunia lililokuwa chumbani mwao.

Lakini wazee wangu, mniwie radhi: mtoto akiuliza kwa nini fulani amekufa, mara ngapi twamwambia anyamaze, hayo ni ya wakubwa? Au twasema ni uoi, basi, mazungumzo yakaisha. Mtoto yule hatauliza tena, wala kwetu wala kwa mwalimu wake wa sayansi.

Sasa niingie katika hazina yetu. Kanuni yasema msaada wa karo ni wa yule tu aendaye chuo kikuu kusomea udaktari. Wazo lake lilitoka zamani, maana kabla ya 1967 Nairobi haikuwa na shule ya udaktari, na kijana alilazimika kwenda Makerere au ng'ambo. Mmoja akifika huko, kijiji kizima kilisherehekea. Leo Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya kina matawi Kitui na Makueni. Mama akishikwa na uchungu usiku kule Mutitu au Kathonzweni, mikono imfikiayo kwanza ni ya muuguzi au tabibu, na daktari yuko mbali. Msichana mwenye swali lile lile na huruma ile ile, akipata nafasi ya uuguzi, hazina yetu humfungia mlango. Kwa maoni yangu hilo si haki, tena ni hasara kwetu wenyewe.

Bwana Mwandishi anayo maneno ya badiliko la kanuni hiyo, yamekwisha kupigwa chapa. Naomba yasomwe kabla ya uchaguzi wa viongozi, wanachama wote wakiwa bado wamekaa.