AMEFUNGWA MIGUU, AU AMEKULA SUMU?

(Mada iliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Magharibi)

  



Nimeombwa nizungumzie maradhi yanayomjia mtu kwa ghafla. Mtu analala mzima, anaamka hawezi kusimama. Hana homa, hakuanguka, hakupigwa. Au ameketi na wenzake barazani, mara mdomo unakwenda upande na maneno hayatoki. Katika mitaa yetu jibu huwa tayari hata kabla mgonjwa hajanyanyuliwa: kapigwa na jini, katupiwa, kafungwa.

Nataka niwe wazi tangu mwanzo, asije mtu akatoka hapa akasema ustadhi kakanusha majini. Kuwepo kwa majini kumethibiti katika Qur'ani, na hilo si mahali pa mjadala. Suala letu ni jingine: je, huyu mgonjwa aliyelala mbele yetu, fulani bin fulani, ni nani aliyetuambia kwamba ugonjwa wake umetoka kwa jini? Hiyo ni habari ya ghaibu, na anayeitoa hutakiwa dalili kama anavyotakiwa dalili kila mwenye kudai.

Wanavyuoni wetu hawakuwa na pupa hii. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ameeleza katika Zaadul Maad kwamba kifafa, yaani swar'u, ni cha aina mbili: kinachotokana na roho chafu, na kinachotokana na kuharibika kwa maumbile ya mwili. Hii ya pili ndiyo wanayoizungumzia matabibu. Ibn Sina kabla yake amekiweka kifafa katika Qanun yake pamoja na maradhi ya kichwa na ubongo, akakitafutia sababu na tiba. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume (s.a.w.) alimtembelea, kisha akamwelekeza aende kwa Harith bin Kalada wa Thaqif, kwa kuwa alikuwa mtu wa utabibu. Tazameni nani anaelekezwa, na nani anayemwelekeza.

Sasa niwaletee mfano mmoja, na nitakaa nao, kwa sababu umepita katika nchi yetu na kwa majirani zetu.

Mwaka 1938 daktari mmoja aitwaye Trolli aliandika habari za ugonjwa alioukuta Kwango, nchini Kongo. Watu wazima wa afya walipooza miguu yote miwili kwa ghafla, wengine kwa muda wa saa chache tu. Wayaka wa huko waliuita konzo, na maana yake katika lugha yao ni miguu iliyofungwa. Subhanallah! Ni neno lile lile tunalolitumia sisi. Mwaka 1981 balaa kama hilo likalipuka katika jimbo la Nampula, Msumbiji, mahali penye Waislamu wengi, wakati wa ukame na vita. Waliopooza walizidi 1,000. Mwaka 1985 likaonekana Tarime, mkoani Mara, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likafika Mtwara.

Madaktari nao hawakuwa na jibu mkononi. Walijiuliza: ni polio? Lakini daktari akigonga goti kwa nyundo ndogo, mguu uliopooza kwa polio hulala kimya, na mguu wa mwenye konzo huruka kwa nguvu. Basi si polio. Ni ugonjwa wa kuambukiza? Ndipo wakaanza kuuliza maswali ambayo mtu yeyote mwenye akili angeweza kuyauliza. Nani wameanguka? Zaidi ni watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Nani hawakuanguka? Watoto wanaonyonya. Lini? Katika miezi ya kiangazi na njaa. Nyumba zipi? Nyumba za mafukara, ambazo kwa wiki nzima hazina kitu chunguni isipokuwa ugali wa muhogo mchungu, bila samaki wala kunde. Nawauliza enyi ndugu, ni jini gani huyu anayemwacha mtoto wa ziwa, anayemwacha tajiri mwenye samaki, na anayengojea kiangazi?

Muhogo mchungu una kitu kiitwacho linamarini, ambacho hugeuka kuwa sumu ya sianidi. Wazee wetu waliujua uchungu huo, ndiyo maana waliuloweka siku tatu au nne au kuuvundika kabla ya kuuanika. Njaa ikibisha hodi, siku hizo hufupishwa. Muhogo humenywa, huanikwa kidogo, hutwangwa na kuliwa. Mwili una njia yake ya kuivunja sumu hiyo, lakini njia hiyo huhitaji salfa inayopatikana katika samaki, nyama na kunde. Mwenye kukosa vyote hivyo hukusanya sumu siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja, mara nyingi baada ya safari ndefu au kazi nzito, miguu hutetemeka na kukakamaa. Haimrudii ilivyokuwa. Haizidi kuharibika, lakini haiponi.

Mmoja wa wanafunzi wa madrasa yetu anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakigusana. Alipoanguka, kwao waliuza mbuzi watatu wakawalipa waganga wawili. Jirani yao, mama mzee mjane, alihama kwa maneno aliyokuwa akiambiwa kisimani. Wakati wote huo unga ule ule ukaendelea kupikwa, na msimu uliofuata mdogo wake akaanguka pia. Hapo ndipo ninapoumia. Mganga hakuchukua mbuzi tu. Alichukua ule muda ambao mtu angeuliza: huyu mtoto amekula nini? Na yule mama, nani atamrudishia heshima yake? Kumsingizia Muislamu uchawi bila ushahidi si jambo dogo mbele ya Mola wetu.

Wapo watakaosema: mbona hospitali nao wakati mwingine hawajui? Ni kweli. Tangu andiko la Trolli hadi sumu ya muhogo kutiliwa mkazo imepita miaka zaidi ya 40. Lakini "sijui" ya daktari ni mlango ulio wazi, kesho mwingine ataupita. "Ni jini" ya mganga ni mlango uliofungwa kwa komeo. Nendeni, mkiambiwa hatujui, ulizeni ni wapi wanakojua zaidi, na chukueni maelezo kamili: lini ilianza, upande mmoja au miguu yote, amekula nini, na nani mwingine nyumbani ameugua.

Na kwa kiharusi msingoje hata swala imalizike. Mdomo ukienda upande, mkono ukianguka, ulimi ukiwa mzito, ni hospitali saa hiyo hiyo. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni, kwa wale ambao kipimo kinaonyesha inawafaa, na muda wake huhesabiwa kwa saa chache tangu dalili zianze. Kumsomea Qur'ani mgonjwa ni jambo jema, na husomeka ndani ya gari.

Mama zetu niwape na hili. Bradbury wa Australia na wenzake walifundisha njia nyepesi kwa unga wa muhogo. Tia unga mkavu katika bakuli, piga alama ulipofika. Tia maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Tandaza rojo hilo juu ya mkeka safi, lisizidi unene wa sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu huondoka na hewa, na ugali hupikwa siku hiyo hiyo. Huko Popokabaka, Kongo, wanawake walifundishwa njia hii kuanzia mwaka 2010, na katika kijiji walichoanza nacho wagonjwa wapya wakakoma.

Liko swali moja nililoletewa kwa karatasi: aliyepooza miguu, je, swala ya jamaa imemwondokea? Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na safu yake ni safu. Huyu mwanafunzi wetu huja na fimbo zake mbili, na ngazi za mlango wa kusini zimemshinda. Kamati imekubali kuziondoa na kuweka mteremko wa saruji. Mifuko minne imeshapatikana, imebaki mitatu na mchanga.

Wallahu aalam.