Kiuno cha mkulima wa Nduruma

Maumivu ya kiuno, wang'oa vitunguu na wakata maua wa Nduruma hawayajui kwa kuhadithiwa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mazoezi, elimu kwa mgonjwa, hata kukandwa, vyafaa, mkanda wa kiuno haupendekezwi. Mwaka 2024 utafiti wa Australia ukaongeza jambo: kati ya waliopona na kufundishwa kutembea mara kwa mara, nusu walivuka siku 208 bila maumivu kurudi, kwa wasiofundishwa, siku 112. Habari njema, tena haina gharama. Lakini mkulima wetu hutembea kila siku. Kinachomtesa ni kuinama kutwa, na sioni matembezi peke yake yakimtosha. Ukihisi ganzi sehemu za siri au mkojo ukikutoka wenyewe, msikilizaji, usikandwe: wahi hospitali.